Daraja la mtaa linapobadilishwa: maswali ya wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam

Ukitaja Dar es Salaam wengi wanawaza Kariakoo na Posta. Lakini mkoa huu una mashamba ya mihogo na mikorosho, na una mitaa ambayo njia yake ya kwenda zahanati, shuleni na sokoni ni daraja moja tu. Ukienda Kimbiji na Pembamnazi kule Kigamboni, Msongola na Zingiziwa upande wa Ilala, Msumi wilayani Ubungo au Mabwepande wilayani Kinondoni, utalielewa hilo masika ya kwanza tu. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila kikao cha mtaa kinapozungumzia daraja. Tumeyajibu kwa urefu pale ambapo watu huumia kwa kutojua, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni jepesi.

Daraja letu bado linapitika. Kwa nini libomolewe?

Kwa sababu linaweza kupitika leo na lisivumilie masika ijayo. Madaraja mengi ya barabara ndogo yalijengwa mtaa ukiwa na kaya chache, gari likipita moja moja. Leo juu yake linapita tipa la tairi kumi, ambalo kwa viwango vya Afrika Mashariki mwisho wake ni tani 26 likiwa na mzigo, na wote tunajua si kila tipa linaheshimu mwisho huo.

Zege nalo huzeeka. Maji na hewa hupenya kwenye nyufa mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kwa ndani mpaka linabanduka vipande vipande. Kwenye maeneo ya Kigamboni yaliyo karibu na bahari, chumvi huharakisha kazi hiyo.

Si lingekarabatiwa tu?

Inawezekana, kama ubovu uko juu: reli za pembeni zimevunjika, tabaka la juu limechimbika, mifereji imeziba. Hapo ukarabati unatosha na ni matumizi mazuri ya fedha. Msingi ukishaanza kuning'inia, au ikiwa upenyo wa daraja, yaani nafasi ya maji kupita chini yake, ni mdogo kuliko mafuriko ya mto wenyewe, kupaka plasta na rangi ni kuwadanganya wanaopita. Mhandisi akija kukagua, muulizeni moja kwa moja: tatizo liko juu au liko chini?

Ni kweli malori ya mchanga ndiyo yanayoliua daraja?

Kwa sehemu ni kweli, ila si kwa namna ambayo wengi wanadhani. Uzito unachosha slabu, yaani sakafu ya zege ya daraja, hilo halina ubishi. Hatari kubwa zaidi iko pale mchanga ulipotolewa.

Mto unaochimbwa mchanga hautulii na shimo lake. Maji yanapopita yanaanza kulijaza kwa kumega mchanga wa juu yake, kisha wa juu zaidi, na shimo linatembea kupanda mto siku hadi siku. Mtu anaweza kuchimba mita mia kadhaa kutoka darajani, upande ambao mto unateremkia, na bado shimo lake likafika kwenye nguzo. Msingi uliozikwa na mafundi unabaki wazi. Halafu inakuja mvua kubwa. Maji yakigonga nguzo huzunguka na kushuka kwa nguvu chini yake, yanachimba, na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne. Baya zaidi ni kwamba mafuriko yakipungua, tope hurudi na kulijaza lile shimo. Asubuhi yake ukipita pale unaona mchanga umetulia kama kawaida, kumbe nguzo imesimama juu ya tope laini.

Hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Aprili 1987, katika jimbo la New York nchini Marekani, daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie lilianguka baada ya mafuriko kuchimba chini ya nguzo zake, na watu 10 wakafa. Slabu yake haikuwa na shida.

Mto Msimbazi unaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Tope na mchanga unaomomonyoka huku juu, zikiwemo kingo zilizochimbwa, huishia bonde la Jangwani, karibu na katikati ya jiji. Pale kitanda cha mto kinapanda badala ya kushuka, upenyo chini ya daraja unajaa, na mvua ikizidi barabara inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanakwama. Ndiyo maana daraja jipya la Jangwani limepangwa kuwa na urefu wa mita 390 na kuinuliwa, na linakwenda pamoja na kazi ya kuupanua na kuusafisha mto wenyewe.

Tunajua vijana wanaochimba wanatafuta riziki, na wengi ni watoto wetu. Tunasema bila kuzunguka: mchanga unaotolewa mtoni jirani na daraja unalipwa na mtaa mzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na serikali ya mtaa ina haki ya kuisimamia kabla daraja jipya halijaanza kujengwa. Tukisubiri lizinduliwe kwanza, shimo litakuwa limeshafika.

Nitajuaje kwamba daraja letu limechoka?

Shuka chini wakati wa kiangazi, maji yakiwa kwenye magoti au yamekauka kabisa. Tazama nguzo na zile kuta za mwisho ambapo barabara inakutana na daraja. Utaona mstari: juu yake zege limepauka kwa jua, chini yake lina rangi ya udongo na alama za mbao zilizoshikilia zege lilipomwagwa. Huo mstari ni pale ardhi ilipokuwa zamani. Kama leo ardhi iko chini ya mstari kwa kimo cha mtoto, mto umeshuka kiasi hicho tangu daraja lijengwe. Ukiweza kupitisha fimbo chini ya msingi, usisubiri kikao kijacho, toa taarifa siku hiyohiyo.

Mengine ya kutazama: nondo zilizo wazi chini ya slabu, ufa unaopanda kwa mshazari kwenye ukuta, slabu iliyokaa upande, na udongo unaotitia nyuma ya ukuta, pale gari linapogonga "du" likiingia darajani. Lile pigo linamaanisha udongo wa nyuma unaondoka na maji. Piga picha ukiwa umeweka kitu cha kuonyesha ukubwa, kama ndoo au koleo, na andika tarehe.

Daraja ni la TARURA au la TANROADS?

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, zile zinazoingia mitaani na vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na unaohudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. Madaraja mengi tunayoyazungumzia hapa ni ya TARURA. Meneja wa TARURA yupo kila wilaya, na barua ya mtaa iende kwake ikiwa na nakala kwa diwani na mtendaji wa kata.

Fedha zinatoka wapi, na kwa nini kila mwaka tunaambiwa "bajeti ijayo"?

Sehemu kubwa ya matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, ambao unachangiwa na tozo ya mafuta. Katika mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo bodaboda wa Msumi anayeweka mafuta asubuhi ameshachangia daraja, na ana haki ya kuuliza limefikia wapi. Madaraja makubwa zaidi huhitaji fedha za maendeleo za serikali kuu au mikopo ya miradi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango hupikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika baada ya mafuriko ya Aprili limeshachelewa bajeti ya Julai, labda litendewe kama dharura. Pelekeni ombi mwishoni mwa mwaka, likipita kwenye mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata, likiwa na picha, idadi ya wanafunzi wanaovuka, na siku ambazo njia ilifungwa. Muhtasari wenye saini una nguvu kuliko malalamiko ya simu.

Kwa nini tusiwekewe makalavati tu? Ni rahisi na ya haraka.

Kwa kijito kidogo kisicho na magogo, kalavati ni jibu zuri. Kwa mto unaoteremsha magogo, magodoro na mifuko kila masika, makalavati ya bomba yanaziba. Yakiziba, maji yanapanda, yanapita juu ya barabara na kuondoka na tuta upande mmoja au pande zote mbili. Makalavati yanabaki yamesimama katikati ya mto peke yake, na mtaa umekatika vilevile. Kama bajeti haitoshi daraja, kalavati boksi lenye mdomo mpana ni afadhali kuliko bomba nyingi nyembamba.

Hapa ndipo tunaposisitiza kuliko mahali pengine popote: gombaneni juu ya upenyo kabla ya kugombana juu ya jambo lingine lolote. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa walioongezeka wamejenga huku pembezoni. Mvua iliyokuwa inanyesha kwenye shamba na kunywewa na ardhi leo inaanguka kwenye bati, sakafu na barabara iliyoshindiliwa, inafika mtoni mapema na kwa wingi. Upenyo uliotosha zamani hautoshi tena, na upenyo unaotosha leo ufikiriwe kwa mtaa utakaokuwepo baada ya miaka 30.

Mhandisi akisema daraja limesanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 100", msidhani yatakuja mara moja kila karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa moja kwa mia. Ukijumlisha miaka 50, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni takribani asilimia 40. Mwulizeni amesanifu kwa mafuriko ya miaka mingapi, na mwonyesheni alama ya maji ya juu kabisa ambayo wazee wanaikumbuka: kwenye mwembe, kwenye ukuta wa nyumba, kwenye nguzo ya umeme. Vipimo vya maji kwenye vijito vyetu vidogo ni haba, hivyo kumbukumbu ya mzee aliyekaa pale tangu ujana ni takwimu halali. Mpelekeni mzee saiti, msimsimulie mhandisi kwa niaba yake.

Tumesikia kuhusu madaraja ya mawe. Je, ni madaraja ya kweli?

Ni ya kweli na ni imara. TARURA imejenga madaraja ya upinde wa mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ukiwa miongoni mwa iliyotangulia. Upinde hubeba mzigo kwa kubanana kwa mawe, kwa hiyo nondo ni kidogo au hakuna, na gharama hushuka sana mawe yakiwa jirani. Tatizo la Dar ni kwamba sehemu kubwa ya mkoa ni mchanga na mawe husafirishwa kutoka mbali. Pia upinde unataka msingi usiosogea. Ulizeni, ila msishangae jibu likiwa hapana.

Njia moja au mbili?

Kwa maoni yetu, pembezoni mwa Dar jengeni mbili kila inapowezekana, kwa sababu mtaa unakua kabla zege halijazeeka. Ikishindikana, afadhali njia moja yenye sehemu ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa na reli imara, kuliko mbili zinazomlazimisha mtoto wa darasa la pili kujibanza gari likipita. Wanaovuka madaraja haya wengi wako kwa miguu, kwenye baiskeli na bodaboda. Michoro inayoonyesha magari tu haijawahesabu.

Tutapita wapi wakati wa ujenzi?

Mkataba unatakiwa uwe na njia ya mchepuko, na gharama yake iwe imeandikwa. Mara nyingi ni tuta la muda lenye makalavati pembeni ya daraja, na penye uhitaji mkubwa huwekwa daraja la chuma la kuunga. Tuta la muda halivumilii masika. Kwa hiyo kazi ya mtoni ifanyike kati ya Juni na Septemba, kabla ya vuli. Mkandarasi akianza kuchimba msingi Februari, mwulizeni mhandisi msimamizi mbele ya mwenyekiti: mvua za Machi zikija, wajawazito watavuka wapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Nguzo za TANESCO na mabomba ya DAWASA yanayovuka kwenye daraja lazima yahamishwe kwanza. Kazi hiyo ikisahaulika, mkandarasi anakaa bila kazi huku siku za mkataba zinahesabika.

Nyumba yangu imepigwa X. Nitalipwa?

Inategemea nyumba iko wapi kisheria. Ikiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, na barabara ndiyo iliyotangulia, kwa kawaida hakuna fidia. Ikiwa nje ya hifadhi na ardhi inahitajika kwa sababu daraja linahamishwa au tuta linapanuliwa, una haki ya fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Barabara za wilaya hazina upana sawa wa hifadhi na barabara kuu, ambazo hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Usikubali kupimiwa kwa kipimo cha barabara nyingine.

Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, anayestahili hulipwa thamani ya ardhi na maendelezo, yaani nyumba na mazao ya kudumu kama minazi na mikorosho. Juu yake kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na hasara ya faida ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Usafiri hukadiriwa kwa kuhamisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwenye genge au kibanda cha chipsi aandike mauzo yake kuanzia sasa, maana faida isiyo na daftari ni ngumu kuithibitisha.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miti yako pamoja na mthamini, soma fomu kabla ya kusaini, baki na nakala. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa inaanza kudai riba, na miaka 2 ikipita bila malipo uthamini unapaswa kurudiwa. Ardhi ya familia yenye mgogoro wa mirathi imalizwe mapema kwenye baraza la ukoo, kwa sababu hundi haiwezi kuandikwa kwa majina ya watu wanaobishana.

Vijana wetu watapata kazi?

Watapata vibarua: kuchimba, kusuka nondo, kubeba zege, ulinzi. Ombeni nafasi zitangazwe kwenye ofisi ya mtaa badala ya kupitia mtu mmoja anayejuana na msimamizi. Kijana aandikiwe malipo ya siku, apewe kofia ngumu na buti. Mama lishe wanaokopesha saiti wakubaliane kwa maandishi na mkandarasi mwenyewe, wasimtegemee msimamizi wa zamu, maana zamu hubadilika na deni likabaki.

Slabu imemwagwa wiki mbili zilizopita na bado wamefunga njia. Wanatuchelewesha?

Hapana, mwacheni fundi. Zege hupimwa nguvu yake rasmi siku ya 28. Siku za mwanzo lazima limwagiwe maji au lifunikwe magunia yenye unyevu, hasa kwa jua la hapa, la sivyo linapasuka juu. Kila linapomwagwa, sehemu hujazwa kwenye maboksi ya chuma ya sentimita 15 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Kabla ya kumwaga utaona pia koni ya chuma ikijazwa zege na kuinuliwa. Zege likishuka kidogo ni zuri. Likitawanyika chini kama uji, maji yamezidi na nguvu imepungua. Mkiona mtu anaongeza maji kwenye mashine ili limwagike kwa urahisi, mwiteni mhandisi palepale.

Maji yakipita juu ya daraja, tufanyeje?

Msivuke. Maji ya kimo cha sentimita 15 yanayokimbia yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kusogeza gari dogo. Chini ya maji yale huoni kama slabu bado ipo. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wakubaliane mapema nani anafunga njia na watoto wanalala kwa nani upande wa pili. Wekeni namba zao kwenye kila daftari la mtoto.

Daraja limekamilika na tayari ukuta una ufa. Nani anarekebisha?

Mkandarasi, kwa gharama yake, ikiwa bado yuko kwenye kipindi cha uangalizi, ambacho mara nyingi ni miezi 12 tangu kukabidhi, na sehemu ya malipo yake huwa imezuiwa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana tarehe ya makabidhiano lazima ijulikane mtaani. Iko kwenye hati, na bango la mradi linapaswa kuonyesha jina la mkandarasi, msimamizi na muda wa mkataba. Lipigeni picha kabla halijang'olewa.

Kagueni mara mbili ndani ya mwaka huo: baada ya vuli na baada ya masika. Shukeni chini mwone kama gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zimekaa, kama mawe ya kulinda kingo yameondoka, kama udongo nyuma ya ukuta umetitia. Mkiona kasoro, andikeni barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla kipindi hicho cha uangalizi hakijaisha, mkiambatanisha picha zenye tarehe, na muombe barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.